Kifundo cha Mlonge

Nimegombana na watu wengi Kariakoo. Nimegombana na wauza samaki waliokuwa wakificha changu wa jana chini ya changu wa leo, na wachukuzi waliotaka kunikanyaga na mikokoteni yao, na mwenye nyumba wetu aliyefunga bomba la uani kila alipoamka vibaya. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia, "Mke wangu, ulimi wako haujapata siku ya kulala." Alisema kweli. Lakini yupo mtu mmoja ambaye sikuwahi kumrudishia neno miaka yote hiyo, na huyo ndiye niliyekuwa na haja ya kugombana naye. Mama mkwe wangu. Laiti tungegombana siku ile! Tungepigiana kelele, tungelia, na jioni tungekula sahani moja. Badala yake tukastahiana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili karibu na soko, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati na uani nyuma ambako kila mwanamke alikuwa na jiko lake na macho yake kwenye jiko la mwenzake. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, anashona barazani mwa duka la Mhindi. Mama yake alikaa Ilala, mwendo wa kutembea tu, ukitoka baada ya adhuhuri unafika kanga haijalowa jasho.

Binti yangu wa kwanza alipoanza kula, nilimpikia uji kama walivyopika wote: sembe nyeupe ya mashine, maji, chumvi kidogo, siku ya neema na sukari. Uji mweupe pe. Tulijivunia weupe ule. Dona ilikuwa ya watu waliotoka shamba jana, na ulezi tuliwaachia wa bara. Mtoto alikuwa akishiba, tumbo linakaza kama ngoma, lakini mikono yake ilibaki vijiti.

Chumba kilichoelekeana na chetu alikaa mke wa Mchaga mmoja mwenye kiduka mtaa wa pili. Tulianza kwa ugomvi, maana aliuanua mkeka wangu aanike nepi zake. Niliyomwambia siku hiyo siyaandiki. Lakini watoto wake, ewe! Walikuwa na mashavu kama maandazi. Siku moja nikakaa nikawatazama, nikameza ugomvi wangu, nikamwuliza, "Jirani, hawa unawapa nini?"

Akacheka. "Uji, kama wewe."

"Uji gani huo?"

"Uji wenye kitu ndani. Uji mtupu unajaza tumbo, dada, haujazi mtoto. Kwetu tunatia maziwa, tunatia mnavu uliopondwa, mtoto anakua unamwona. Hapa maziwa ya kuchezea nayapata wapi? Natia choroko."

Ndivyo nilivyoanza. Tukawa tunachanganya pamoja, mimi na yeye: mahindi yasiyokobolewa, ulezi ambao mumewe aliletewa na watu wa kwao, na choroko tulizoloweka, tukazianika, tukazikaanga kidogo mpaka zinukie, tukapeta maganda kwenye ungo, kisha zote zikaenda mashineni. Mlonge niliuongeza mimi. Nyuma ya duka alikoshona mume wangu kulikuwa na uwanja wa familia ya Wahindi wa Kibaniani, watu wasiogusa nyama wala samaki, na watoto wao wakikimbia kutwa kama wamekula ng'ombe mzima. Walikuwa na mti wa mlonge. Wao walipika yale matunda yake marefu kama fimbo kwenye mchuzi. Majani yakidondoka wakayafagia. Nikamwomba bibi wa nyumba ile majani, akanishangaa. "Chukua mama, chukua yote. Na sisi tunakula hayo." Kumbe nao wakiyatia kwenye dengu!

Majani ya mlonge hayaanikwi juani. Ukiyaweka juani yanageuka rangi ya tumbaku. Nilikuwa nikiyatandaza chumbani juu ya kanga kuukuu, nayatwanga kwenye kinu kidogo, nayachekecha kwa kitambaa mpaka yawe vumbi. Na hayachemshwi. Unapika uji wako uive, unauepua, ndipo unanyunyizia kidogo na kukoroga. Kwa hiyo unga nilikuwa nikiuweka kwenye mkebe, na mlonge nikaufunga pembeni kwenye kitambaa, nikakipiga fundo. Fundo hilo likumbuke.

Uji ukawa wa kijani. Uani wakanicheka wee. "Leo mwanao anakula chakula cha mbuzi?" akauliza mwenye nyumba. Nikamjibu, "Mbuzi wako angekuwa na mashavu haya ungekwisha mchinja." Maana mtoto alikuwa ameanza kujaa. Mikono ikapata vikuku vya nyama, akasimama dede, akawa anavuta kanga yangu akitaka bakuli lake.

Basi hapo ndipo nikashika mimba nyingine.

Ninyi wa leo hamjui aibu ya jambo hilo. Mtoto bado yuko ziwani, halafu mama ana mimba! Ilimaanisha wewe na mumeo hamkuweza kungoja. Na mtoto yule akidhoofika, watu wanasema amebemendwa, wazazi wake wamemharibu kwa uroho wao. Neno hilo likisemwa mtaani unatamani ardhi ipasuke. Maziwa yangu yakahesabiwa kuwa yameharibika siku hiyo hiyo, na desturi yetu ilikuwa moja: mtoto anaachishwa ziwa kwa bibi yake. Anachukuliwa, anakaa huko mpaka asahau, na mama haonekani, asije mtoto akanusa ziwa akaanza kulia upya.

Mama mkwe alikuja kumchukua mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa mwanamke safi, kanga zake zikinukia udi, sauti yake ya chini, na sijapata kumsikia akimtukana mtu. Mimi mwenye domo kama tarumbeta, mbele yake nilikuwa napiga magoti na kuitikia "Labeka mama." Alimpakata mjukuu wake, akampima mikononi.

"Mzito huyu, mashallah," akasema.

Akaishia hapo. Hakuuliza anakula nini. Nami ningeanzaje? Mwanamke amelea watoto wake wote, amekulelea na mume unayejivunia, halafu wewe, mtoto wa juzi, na mimba yako ya aibu tumboni, umwambie uji unapikwa hivi na hivi? Hilo kwetu lilikuwa tusi. Nikanyamaza. Walipoondoka tu nikakaa nikajaza mkebe unga, nikafunga mlonge wa kutosha kwenye kitambaa cheupe kilichochanika kwenye shuka yetu, ukingo wake una uzi wa buluu, nikavitia kapuni chini ya nguo za mtoto. Nikampa mume wangu apeleke jioni. Nikamwambia taratibu, kama namfundisha mtoto sala: "Mwambie mama, hiki kifundo ni mboga. Mlonge. Anatia kidogo kwenye uji ukishaepuliwa."

Alirudi anapiga mluzi.

"Umemwambia?"

"Nimempa kapu."

"Nakuuliza, umemwambia?"

"Aa, mambo ya jikoni hayo mke wangu, mimi mwanamume nikae kumweleza mama uji? Ataona mwenyewe."

Nilimgombeza mpaka jirani wakagonga ukuta. Lakini kesho yake sikwenda Ilala. Desturi ilinikataza, na aibu ikanikataza zaidi. Nikajiambia, ataona mwenyewe. Mwanamke mzima atashindwa kujua majani?

Wiki zikapita. Kila Ijumaa mume wangu alikwenda kwa mama yake, nami nikamngojea mlangoni. "Mtoto hajambo." "Mtoto anakusalimu." Kisha Ijumaa moja akaja na uso wa furaha: "Amenenepa! Miguu imejaa, mashavu yamejaa. Mama anamlisha vizuri."

Nilicheka kwa furaha. Nilipita uani nikimwambia kila mtu kwamba mwanangu amenenepa. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile kinanichoma.

Aliyenizindua ni mke wa Mchaga. Jumapili alipita Ilala na watu wa kanisani kwake, akapita kumsalimia mtoto kwa ajili yangu. Alirudi moja kwa moja uani. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi mbele ya jiko langu, akanitazama.

"Dada, ule si unene."

"Nini?"

"Nilimbonyeza mguu. Kidole changu kikaacha shimo. Na nywele zake zimekuwa nyekundu. Nenda ukamchukue mwanao."

Sikungoja mume atoke kazini. Nilijitanda kanga nikaenda na tumbo langu mbele, desturi na iende ikalale. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha kujaza soko zima. Nilipofika nikapiga hodi, akatoka, na magoti yangu yakajikunja yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alinitazama. Hakulia, hakucheka, hakuninyooshea mkono. Nilikuwa nimeogopa akiniona ataanguka kilio cha kutaka ziwa. Kumbe heri angelia. Uso ulikuwa umejaa na kung'aa, ngozi ya miguu imebabuka. Mbele yake kulikuwa na bakuli la uji mweupe pe, una sukari mpaka inzi wamelewa, hakuugusa.

Nikaomba ruhusa kwenda uani kunawa. Na huko nikaona. Pembeni, karibu na ukuta wa makuti, chungu kilikuwa kimefudikizwa, na chumvi imenyunyizwa kukizunguka pande zote. Kila aliyelelewa pwani anajua ni kitu gani kinafunikwa namna ile. Chini ya mdomo wa chungu ilikuwa imetokeza ncha ya kitambaa cheupe, ina uzi wa buluu. Nikainama. Fundo langu lilikuwa vilevile nilivyolipiga. Halikufunguliwa.

Nilibaki nimesimama pale, kata ya maji mkononi. Nikajiweka mahali pake. Mkwe wako mkali, anayegombana na mji mzima, hakuambii neno. Halafu unakuta chini ya nguo za mtoto, kimefichwa, kifundo cha vumbi la kijani. Cha nani hicho? Cha kumvuta mwanao akusahau? Cha kumfunga mtoto? Nani angekifungua? Mimi mwenyewe nisingekifungua. Na mkebe wangu wa unga, uliokuja pamoja nacho, bila shaka haukuingia kwenye sufuria yake.

Niliporudi ndani alikuwa akinitazama usoni. Alijua nimeona. Nami nilijua anajua. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha, mama, ni mboga ile. Lakini niliona, kusema ni kumwambia umenidhania mchawi. Na yeye, kuuliza ilikuwa ni kuniambia wewe mchawi. Heshima ikatuziba midomo sote wawili.

"Mama, naomba nimpeleke mtoto dispensari."

"Mpeleke, mwanangu."

Nilimfunga mgongoni. Hakuwa na uzito wa unene ule; alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Tulipofika mlangoni, mama mkwe alimshika mjukuu wake mguu, akasema naye, si nami: "Bibi hakukunyima kitu."

Dispensari nesi alimtazama mara moja tu. Akanipa maziwa ya unga, akaniambia mtoto huyu ameshiba wanga, hakupata kingine. Mpe maharage, mpe samaki, mpe mboga za majani. Nikamwambia mboga za majani nazijua. Nilimrudisha Kariakoo, na mke wa Mchaga akawasha jiko kabla sijaomba. Tulianza na vijiko vya kubembeleza. Uvimbe ulipotoka ndipo tukaona mtoto alivyokwisha. Mbavu unaweza kuzishika moja moja. Uani walisema lile neno. Walilisema wakiosha vyombo, walilisema wakitwanga, amebemendwa yule. Safari hii sikuwajibu. Nilikuwa nakoroga uji wa kijani, kidogo kidogo, kutwa. Siku aliyonivuta kanga akitaka bakuli niliketi chini nikalia kwa sauti.

Mtoto alipona. Lakini bibi yake hakukanyaga tena nyumba yetu. Nilijifungua wa pili, akaniletea kuku na doti ya kanga kwa mkono wa mtu. Nilipotoka arobaini nikampelekea salamu kwa mkono wa mtu. Mume wangu akawa daraja, maskini, kila Ijumaa anavuka. "Nimweleze basi?" akaniuliza siku moja. Nikawaka. "Sasa ndiyo unajua kueleza? Akitaka kuuliza ataniuliza mwenyewe." Na huko Ilala, naye alikuwa akimwambia mwanawe: akitaka kusema, atasema mwenyewe. Haya niliyajua baadaye. Wanangu wakakua wanamjua bibi yao kwa sikukuu tu, wanabusu mkono, wanapewa kashata, wanarudi.

Mwishoni mwa miaka hiyo akaugua. Mume wangu alimleta kwetu, maana hakuwa na binti mjini, na mgonjwa huuguzwa na mkwewe. Nilimpa kitanda chetu. Nilimwogesha, nilimkanda miguu, nilimwitikia "Labeka mama." Chakula kilimshinda, alitaka uji tu. Nami nikampikia uji wa sembe niliyoichekecha mwenyewe mara mbili, mweupe, na sukari. Hilo ndilo nililoliona adabu. Ule mwingine ningethubutuje kuuleta karibu na mdomo wake?

Alasiri moja nilikuwa nimemwegemeza kwenye mito. Kitinda mimba wangu, ambaye nilimwachisha ziwa mwenyewe nyumbani, alikuwa kwenye mkeka kando ya kitanda na kibakuli chake, amejipaka kijani mpaka masikioni. Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Kisha akatazama bakuli nililomshikia.

"Mbona wangu mweupe?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Wa mtoto wa kijani. Wangu mweupe. Kwani mimi mgeni hapa?"

Nilikwenda kwenye kabati nikachukua kifundo. Fundo likawa gumu kufunguka, naye ananitazama mikono. Nikalifungua mbele ya macho yake. Akanyoosha kidole, akachovya, akaweka ulimini. Akatafuna hewa kidogo.

"Mboga," akasema.

"Mboga, mama. Majani ya mlonge."

"Mlonge huu? Tulizungushia zizi la mbuzi kwetu!"

"Ndio huohuo, mama."

Nje mchukuzi alikuwa akipiga kelele watu wampishe, naye alingoja mpaka akapita.

"Kile cha kwanza, watu waliniambia nikichome moto," akasema. "Nikaogopa. Nikasema kikiungua, asije mtoto akaungua nacho. Nikakifunika. Kila asubuhi nilikuwa nakitilia chumvi, nikimwombea." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ungesema, mwanangu."

Na mimi, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamrudishia. "Na wewe ungeuliza, mama!"

Nilishtuka mwenyewe. Nikaziba mdomo. Lakini yeye alicheka, kicheko kikubwa sikujua anacho, mpaka kikohozi kikamkamata na mtoto akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini. Nikanyunyiza mlonge kwenye uji wake. Aliumaliza wote. Akasema hauna utamu wowote na nisimletee mweupe tena.

Tangu hapo tuligombana kila siku. Aligombana nami kwa chumvi, kwa jinsi ninavyofunga mtoto, kwa kelele zangu uani, nami namjibu, naye anacheka. Alinisimulia mume wangu alivyokuwa mwoga wa kuku utotoni. Alikuwa na mizaha, yule mama! Alimwita mwenye nyumba wetu majina ambayo hata mimi nisingeyathubutu. Kisha akafariki, alfajiri, kifundo kile cha mlonge hakijaisha.

Tulipokwisha kumzika, binti yangu mkubwa, yule yule wa uvimbe, wakati huo amekwisha anza shule, aliniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia bibi yako alikuwa mcheshi. Akaniuliza tena, mcheshi vipi? Nikaanza kumsimulia, nikaona maneno yananiishia upesi, maana nilikuwa nimemjua kwa juma moja tu.